Damu Isiyojua Undugu: Maisha ya Karl Landsteiner

Jambo hili hutokea mara kwa mara katika hospitali zetu za pwani. Mgonjwa amelazwa, damu nyingi imemtoka. Labda ni mzazi aliyejifungua kwa taabu, au ni kijana aliyeanguka mnazini. Daktari amesema damu yatakiwa upesi, na jamaa wamejaa nje wakingoja. Kaka yake mgonjwa, ndugu yake wa baba mmoja na mama mmoja, ndiye anayejitokeza wa mwanzo na kukunja mkono wa kanzu. Anapimwa, anaambiwa damu yake haimfai mgonjwa huyu. Anaingia mjomba, naye ni vivyo hivyo. Mwishowe anapatikana mtu baki, pengine mchukuzi aliyepita na mkokoteni wake, asiyemjua mgonjwa hata kwa jina, na damu yake ndiyo inayokubali. Wazee hushika tama. Tumelelewa sote na methali isemayo damu ni nzito kuliko maji. Imekuwaje basi damu ya ndugu ikatae na ya mgeni ikubali?

Aliyelifumbua fumbo hilo ni tabibu mmoja wa mji wa Vienna, katika nchi ya Austria, mtu mrefu, mkimya, mwenye haya, asiyependa kupigiwa ngoma. Jina lake Karl Landsteiner. Wengi wetu tuna herufi zake katika kadi zetu za hospitali, A au B, AB au O, bila ya kujua ni nani aliyezianzisha.

Kabla hatujamwingia yeye, yafaa tuone mambo yalivyokuwa kabla yake. Tabibu wa Kiislamu, Ibn al-Nafis, aliyesoma Damascus na kufanya kazi Misri mpaka akafariki mwaka 1288, alikwisha kuandika jinsi damu inavyotoka upande wa kulia wa moyo, ikapita mapafuni, kisha ikarejea upande wa kushoto. Mwingereza William Harvey naye akaeleza mwaka 1628 jinsi inavyozunguka mwili mzima. Haukupita muda mrefu watu wakaanza kujaribu kumtilia mgonjwa damu ya kiumbe kingine. Mwaka 1667, huko Paris, Jean-Baptiste Denis alimtilia kijana damu ya mwanakondoo. Kijana akanusurika, lakini mgonjwa mwingine aliyetiwa damu ya ndama akafa, kukazuka kesi, na baadaye mambo hayo yakapigwa marufuku. Zaidi ya miaka 150 ikapita. Ndipo James Blundell, mkunga wa kidaktari mjini London, akaanza kutumia damu ya binadamu kuwaokoa wanawake waliovuja damu baada ya kuzaa. Wengine walipona. Wengine walitetemeka kwa homa, mkojo ukawa mweusi, wakafa. Wala hapakuwa na aliyejua kwa nini huyu alipona na yule akafa, hata madaktari wengi wakaona afadhali kuacha kabisa kuliko kucheza kamari na roho za watu.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa pale Landsteiner alipozaliwa, tarehe 14 Juni mwaka 1868. Baba yake, Leopold, alikuwa mwandishi wa magazeti mashuhuri katika mji huo, naye alifariki mtoto akiwa na umri wa miaka 6 tu. Akabaki kulelewa na mama yake, Fanny, na mapenzi kati ya mama na mwana yakawa makubwa kupita kiasi. Mama alipofariki, mwana alihifadhi sura yake iliyochukuliwa kwa plasta, akaitundika ukutani, na hapo ikakaa mpaka yeye mwenyewe alipokufa. Familia yao ilikuwa ya Kiyahudi, lakini mwaka 1890 Karl alibatizwa Mkatoliki.

Alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Vienna mwaka 1891. Mwingine angefungua dawa na kungoja wagonjwa wenye fedha. Yeye aliona kwamba udaktari usiokuwa na kemia ni sawa na nahodha asiyejua nyota, akafunga safari kwenda kusomea kemia, Zürich kisha Würzburg na Munich, kwa mabingwa wa wakati huo kama Emil Fischer. Kemia hiyo ndiyo iliyompa macho ya kuona yale ambayo wenzake waliyapita.

Aliporudi Vienna alipewa kazi ambayo si wengi wangeipenda, kazi ya kupasua maiti ili kutafuta sababu ya kifo. Kwa muda wa miaka 10, kuanzia 1898 hadi 1908, alipasua maiti 3,639. Maiti mchana, na hadubini kila alipopata nafasi.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Wataalamu walikuwa wamekwisha kuona kwamba ukichanganya damu ya mnyama na ya mtu, zile chembe nyekundu hushikana mabonge mabonge au huyeyuka. Walikuwa wameona pia kwamba damu ya mgonjwa mara nyingine huzigandisha chembe za mtu mzima wa afya. Wao wakasema, bila shaka ni ugonjwa unaofanya hivyo. Landsteiner akauliza swali dogo ambalo hakuna aliyelijali. Je, ikiwa watu wote wawili ni wazima?

Hakwenda mbali kutafuta damu. Alijitoa yake mwenyewe, akawaomba na wenzake watano waliofanya kazi pamoja naye. Kila damu aliiacha itulie mpaka yale maji ya rangi ya manjano, yaani seramu, yakajitenga na chembe nyekundu. Kisha akachanganya seramu ya kila mmoja na chembe za kila mmoja, tone kwa tone, michanganyiko 36. Mingine ilibaki laini kama maji ya zabibu. Mingine ikashikana vipande vipande, kama maziwa yaliyokatika. Na wote sita walikuwa wazima wa afya!

Mtu mwingine angesema vyombo havikuwa safi, akamwaga, akaenda zake kunywa kahawa. Landsteiner aliketi akaitazama ile jedwali yake, akaona kwamba kushikana kule kulikuwa na utaratibu. Mwaka 1901 alichapisha kwamba damu za watu ni za makundi matatu, akayaita A, B na C. Hiyo C ndiyo iliyokuja kuitwa O, na damu yake mwenyewe ilikuwa ya kundi hilo. Mwaka 1902, Decastello na Sturli, waliofanya kazi hiyo kwa kufuata nyayo zake, wakalipata kundi la nne lililo adimu zaidi, AB.

Tuieleze hivi kwa lugha ya bandarini. Chembe nyekundu ni kama majahazi, na kila jahazi lina bendera yake. Mwenye kundi A ana bendera ya A, mwenye B ana ya B, mwenye AB hupeperusha zote mbili, na mwenye O hana hata moja. Katika seramu mna walinzi, ambao siku hizi tunawaita kingamwili, na kazi yao ni kulikamata kila jahazi lenye bendera ya kigeni. Walinzi wa mtu wa A humkamata B, na wa B humkamata A. Wa mtu wa O hukamata zote mbili. Mtu wa AB hana mlinzi wa kumkataa yeyote katika hao. Basi ukimtia mtu wa A damu ya B, majahazi yatakamatwa na kuvunjwa yakiwa ndani ya mishipa, figo zizibe, na mgonjwa afe kwa dawa iliyokusudiwa kumponya. Hao ndio waliokuwa wakifa mikononi mwa Blundell.

Mtu angedhani ulimwengu ulisimama na kushangilia. La hasha! Karatasi ile ilikuwa ya kurasa chache tu, na matumizi yake kwa kutia damu aliyataja kwa maneno machache mwishoni. Mpaka mwaka 1907 ndipo Reuben Ottenberg, daktari wa New York, alipoanza kupima damu ya mtoaji na ya mgonjwa kabla ya kuzichanganya. Dawa ya kuzuia damu isigande chupani, chumvi ya limau iitwayo sitrati, ikapatikana karibu na mwaka 1914. Vita Vikuu vya Kwanza vilipofika, mambo hayo mawili yakakutana. Mwaka 1917 Oswald Robertson, daktari wa jeshi, alikuwa akihifadhi damu ya kundi O ndani ya chupa karibu na mstari wa mbele huko Ufaransa, ikiwangoja majeruhi kabla hawajaletwa.

Yeye Landsteiner alikuwa amekwisha kuendelea na mambo mengine, kwani hakuwa mtu wa kukaa juu ya yai moja. Mwaka 1908 alifariki mtoto mmoja wa kiume wa miaka 9 kwa ugonjwa wa kupooza, polio, ambao hapakuwa na aliyejua chanzo chake. Landsteiner na mwenzake Erwin Popper walichukua sehemu ya uti wa mgongo wa mtoto yule, wakaisaga na kuwadunga nyani na kima. Wanyama wale wakapata ugonjwa ule ule, ingawa hakuna bakteria yeyote aliyeonekana kwa hadubini. Vienna haikuwa na kima wa kutosha kwa majaribio zaidi, na ikambidi ashirikiane na Constantin Levaditi wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris, ambako walithibitisha kwamba kisababishi hupenya hata katika chujio linalozuia bakteria. Kwa maneno mengine, ni virusi. Mama yeyote aliyempeleka mwanawe zahanati kutiliwa matone ya polio mdomoni anafaidi njia iliyoanzia katika uti wa mgongo wa mtoto yule.

Kwa kazi zote hizo Vienna ilimlipa nini? Mwaka 1911 alipewa cheo cha profesa, lakini mshahara wa cheo hicho hakupewa. Alikuwa na umri wa miaka 48 alipooa mwaka 1916, akamwoa Bi Helene Wlasto, na mwaka uliofuata wakapata mtoto wao wa pekee, Ernst Karl. Mara vita vikaisha, na dola ya Austria-Hungaria ikavunjika. Mji wa Vienna ukaingia katika njaa na baridi, chakula hakipatikani, kuni hazipatikani. Mtu aliyekwisha kuipa dunia ufunguo wa damu alishindwa kuwalisha mkewe na mwanawe kwa kazi yake.

Mwaka 1919 alihamia The Hague, Uholanzi, katika hospitali ndogo ya Kikatoliki. Huko alipewa kazi ya kupima mikojo na damu za wagonjwa, kazi ambayo leo tungempa kijana aliyetoka chuoni jana, na kwa kuwa mshahara haukutosha akatafuta kibarua cha pili katika kiwanda kidogo kilichotengeneza tuberkulini. Hata hivyo aliendelea kuandika makala za kitaalamu akiwa huko. Mimi huona kwamba miaka ile mitatu minne ya Uholanzi, asiyokuwa na sifa wala vyombo, yatuonyesha mtu huyu zaidi kuliko tuzo iliyokuja baadaye.

Mwaka 1923 aliitwa na Taasisi ya Rockefeller ya New York, naye akaenda Marekani na familia yake, akiwa na umri wa miaka 55.

Wakati huo wengine walikuwa wamelichukua jambo la makundi ya damu na kulitia katika elimu ya urithi. Emil von Dungern na Ludwik Hirszfeld walionyesha mwaka 1910 kwamba makundi hayo hurithiwa kutoka kwa wazazi, na baadaye Mjerumani Felix Bernstein, ambaye hakuwa daktari bali mtaalamu wa hesabu, akaeleza kanuni yake sawasawa. Kila mtu amepewa hati mbili, moja ya baba na moja ya mama, na hati ya O hujificha nyuma ya A au B. Ndiyo sababu baba wa A na mama wa B waweza kumzaa mtoto wa O, pasipo kosa la mtu yeyote. Waume wenye pupa ya kutuhumu walikumbuke hilo kabla hawajapandisha sauti. Ndiyo sababu pia ndugu wawili wa tumbo moja waweza kutofautiana, kila mmoja akipokea hati yake katika zile nne za wazazi.

Katika New York, Landsteiner na msaidizi wake Philip Levine waligundua mwaka 1927 alama nyingine tatu katika chembe nyekundu, wakaziita M, N na P. Mahakama zikapata chombo kipya katika kesi za nasaba. Lakini chombo hicho kilikuwa na mpaka wake. Damu ya siku zile iliweza kusema kwa hakika kwamba fulani si baba wa mtoto huyu. Haikuweza kusema kwamba fulani ndiye. Na hata hilo la kwanza mahakama nyingine zilikataa kulisikia. Mchezaji sinema mashuhuri Charlie Chaplin alishtakiwa California kuwa ni baba wa mtoto. Yeye alikuwa O, mama A, na mtoto B, jambo lisilowezekana kabisa. Hata hivyo mwaka 1945 baraza la mahakama likaamua kuwa ndiye baba, akaamriwa kulipa.

Tuzo ya Nobel ya udaktari ilimfikia Landsteiner mwaka 1930, miaka 29 baada ya ile karatasi ya Vienna. Waliomjua husema kwamba yeye mwenyewe aliona kazi yake nyingine ilistahili zaidi, nayo ni ile ya kinga ya mwili. Alikuwa akichukua vitu vidogo vya kemia, akavifunga kwenye protini, akamdunga sungura, kisha akaangalia ni walinzi gani watatokea. Alikuta kwamba mwili unaweza kutengeneza mlinzi hata wa kitu kilichobuniwa maabarani, ambacho hakijapata kuwako duniani, na kwamba mlinzi huyo huweza kutofautisha vitu viwili vinavyokaribia kufanana kabisa. Kitabu chake juu ya jambo hilo kikawa kama msahafu wa elimu hiyo kwa miaka mingi. Na mwaka 1942, akiwa mzee, yeye na Merrill Chase walionyesha kwa simbilisi kwamba aina fulani ya kinga haichukuliwi na seramu bali na chembe hai zenyewe. Elimu ya leo ya kupandikiza figo imejengwa juu ya mambo kama hayo.

Lakini kwa akina mama wa ulimwengu, la mwaka 1940 ndilo kubwa. Palikuwa na wanawake ambao mtoto wao wa kwanza alizaliwa mzima, na waliofuata wakazaliwa wa manjano, wamevimba, au wamekwisha kufa. Ni msiba ambao hata huku kwetu wanawake wameubeba pamoja na maneno ya watu: ana jini asiyetaka watoto, ana kijicho, damu yake mbaya. Wengine waliachwa kwa sababu hiyo.

Landsteiner na Alexander Wiener waliwadunga sungura na simbilisi damu ya kima aina ya rhesus. Seramu iliyopatikana ilizigandisha chembe za takriban watu 85 katika kila Wazungu 100 wa New York, na 15 waliobaki haikuwagusa. Alama hiyo wakaiita Rh. Levine, aliyekuwa amekwisha kuondoka kwa Landsteiner, alikuwa ameandika mwaka 1939 habari za mwanamke aliyezaa mtoto mfu kisha akadhuriwa na damu ya mumewe, naye akaunganisha mambo hayo. Mama asiye na alama ya Rh, mume akiwa nayo, aweza kubeba mtoto mwenye nayo. Damu ya mtoto ikipenya katika ya mama wakati wa kuzaa, walinzi wa mama hujifunza kuichukia, na mimba inayofuata ndiyo inayoadhibiwa. Levine na Wiener waligombana kwa miaka mingi nani alitangulia, ugomvi usiopendeza. Dawa ya kumdunga mama katika muda wa saa 72 baada ya kuzaa ilianza kutumika kwa wingi mwaka 1968. Waafrika wasio na alama hiyo ni wachache kuliko Wazungu, lakini pwani yetu ni ya watu waliochanganyika tangu enzi, na mama mjamzito anapoambiwa apime damu yake, asidhani anasumbuliwa bure.

Swali moja huulizwa sana katika baraza zetu. Ikiwa maziwa ya mama humfanya mtoto wa mwingine kuwa ndugu wa ziwa, je, aliyetiwa damu ya mtu huwa ndugu yake, hata ndoa ikaharimika baina yao? Wanazuoni walioulizwa wamejibu kwamba sivyo. Hukumu ya kunyonya ni ya kunyonya peke yake, na kutiwa damu kumeruhusiwa kwa dharura ya kuokoa uhai. Basi yule mchukuzi wa mkokoteni akimaliza kutoa damu hubaki kuwa mtu baki kama alivyokuja, isipokuwa kwa shukrani.

Landsteiner alistaafu rasmi mwaka 1939, lakini kustaafu kwenyewe kulikuwa kwenye karatasi tu, maana kila siku alikuwa maabarani. Aliandika makala za kitaalamu 346 katika uhai wake. Alipenda kupiga piano, na alichukia kupigwa picha. Tarehe yake ya kuzaliwa, 14 Juni, tangu mwaka 2004 imekuwa siku ya watoaji damu duniani kote. Nao Waaustria, ambao kabla ya kuingia katika yuro walitumia shilingi kama sisi, walitia sura yake katika noti yao ya shilingi 1,000 mwaka 1997, nchi ile ile iliyompa cheo bila ya mshahara.

Tarehe 24 Juni 1943, akiwa amesimama mezani kwake na mrija wa kioo mkononi, moyo ulimshika. Alichukuliwa hospitali ya taasisi ile ile na akafariki siku mbili baadaye, umri wake miaka 75. Toleo jipya la kitabu chake, alilokuwa akilishughulikia, lilitoka mwaka 1945. Alizikwa katika kisiwa cha Nantucket, kilichosifika zamani kwa wavuvi wa nyangumi, ambako yeye na mkewe walizoea kwenda wakati wa joto.